Maswali ya Wasomaji: Baridi ya Hiroshima na theluji ya nyuma ya milima

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa watu wanaojiandaa kwenda Hiroshima, magharibi mwa Japani, kwa masomo au mafunzo kazini, na kwa wazazi wanaowasindikiza. Wengi watafika Oktoba muhula wa pili unapoanza, kwa hiyo baridi itawakuta hata njia ya kwenda dukani hawajaizoea. Tumezijibu kwa pamoja kwa kuwa zinashikana.

Naondoka Oktoba. Kaka mmoja aliyesoma Sapporo kaniambia ninunue koti la kuhimili nyuzi 20 chini ya sifuri. Mwingine anasema Hiroshima ni Dodoma ya mwezi wa saba tu, nibebe sweta. Nimsikilize nani? — Mwanafunzi, Makulu, Dodoma

Usimfuate yeyote kati yao. Sapporo iko kisiwa cha Hokkaido, kaskazini kabisa, na theluji yake hukaa miezi. Hiroshima iko kusini zaidi, umbali unaozidi kilomita 1,000, kwenye delta ya mto Ota inapoingia Bahari ya Ndani ya Seto. Bahari hiyo haigandi, na joto lake hulipunguzia jiji makali ya baridi. Wastani wa Januari ni karibu nyuzi 10 mchana na nyuzi 2 usiku.

Hata hivyo usidanganyike na neno "wastani". Dodoma ya Julai, upepo ukivuma na watu wamejifunga mashuka, alfajiri huwa nyuzi 13 au 14, na mchana jua likiwaka tunafika 26. Maana yake ni kwamba saa nane mchana ya Januari kule ni baridi kuliko saa kumi na moja alfajiri ya Julai hapa. Na jua halikuokoi: mwanzoni mwa Januari huchomoza karibu saa 1:15 asubuhi na kuzama karibu saa 11:10 jioni. Ukitoka maabara saa kumi na mbili, ni giza.

Theluji ya mjini ipo, lakini ni ya mara chache. Hudondoka asubuhi, inaweka weupe juu ya paa za magari, na mara nyingi hadi adhuhuri imekwisha yeyuka. Hatari yake ni madaraja. Jiji limekatwa na mito sita na madaraja hayahesabiki. Daraja hupitiwa na upepo juu na chini, hivyo huganda kabla ya barabara ya ardhini. Unatembea vizuri kwenye lami, unafika darajani, mguu unakuponyoka. Asubuhi ya namna hiyo shuka kwenye baiskeli, usukume, na ukanyage kwa wayo mzima badala ya kisigino.

Kwa jiji lenyewe inatosha koti moja la wastani lisilopitisha upepo, sweta mbili, suruali mbili za ndani, kofia ya kuziba masikio, glavu na skafu. Suruali za ndani na soksi nzito zinunue kule kule. Ni za bei nafuu na zimeshonwa kwa ajili ya baridi hiyo. Fedha ya koti la Sapporo itunze.

Nafundisha jiografia. Wanafunzi wameniuliza: jiji lenye nyuzi 10 mchana linawezaje kuwa na viwanja vya kuteleza kwenye theluji umbali wa saa moja kwa gari? — Mwalimu, Kongwa

Mwalimu, mfano mzuri unao mlangoni kwako. Upepo wa kusini mashariki unatoka Bahari ya Hindi umebeba unyevu, unagonga milima ya Uluguru, unapanda, unapoa, unamwaga mvua upande wa mashariki. Ukivuka kuelekea Gairo na Kongwa umekwisha kukauka, ndiyo maana shamba la Morogoro na shamba la Dodoma haviwezi kupandwa kwa kalenda moja.

Japani hali ni hiyo hiyo, isipokuwa upepo unatoka Siberia. Majira ya baridi hewa nzito na kavu huteremka kutoka bara la Asia kuelekea kusini mashariki. Inapita juu ya Bahari ya Japani, ambayo mkondo wake wa Tsushima ni wa vuguvugu ukilinganisha na hewa ile. Maji yanapanda kama mvuke wa sufuria, mawingu yanajengeka njiani, kisha yanakutana na safu ya milima ya Chugoku. Upande wa kaskazini na juu ya milima theluji inaanguka siku baada ya siku. Upande wa kusini, iliko Hiroshima, unafika upepo mkavu na anga la buluu. Ndiyo sababu Januari jijini hupata kiasi cha milimita 46 tu za mvua, wakati Julai hukaribia 280. Kwetu Januari ndiyo mvua imekolea. Kwao ndiyo kiangazi cha baridi.

Jambo la pili ni kimo. Hewa hupoteza karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Jijini pakiwa na nyuzi 5, kwenye mita 1,000 patakuwa na nyuzi 1 chini ya sifuri. Osorakan, mlima mrefu kuliko yote katika mkoa wa Hiroshima, una mita 1,346. Waambie wanafunzi walinganishe: Dodoma mjini tuko kwenye mita 1,100 na ushei. Mlima wao mrefu kuliko yote umetuzidi mita mia mbili na kitu tu, na bado una theluji, kwa sababu uko nyuzi 34 kaskazini ya Ikweta.

Hesabu hiyo ina jibu jingine ambalo kila anayekwenda mlimani alizingatie. Nyuzi 1 au 2 chini ya sifuri si baridi kali ya theluji. Theluji ya namna hiyo ina maji ndani yake: inashikamana na nguo, inayeyuka ukikaa, inakulowesha. Hokkaido unapambana na baridi. Milima ya Hiroshima unapambana na maji.

Nimeona makoti ya theluji Sabasaba kwenye mitumba, mengine elfu ishirini, mengine hadi sitini. Nitajuaje zima? — Msomaji, Nkuhungu

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu koti bovu la theluji na zima yanafanana kabisa likiwa limetundikwa.

Anza kwa kuligeuza ndani nje. Koti halisi la theluji lina utepe mwembamba, unaong'aa kidogo, uliogandishwa juu ya kila mshono kwa ndani. Pitisha kidole. Utepe ukiwa umebanduka au umejikunja kama ganda la kitunguu, maji yatapita kwenye mshono hata kitambaa kikiwa kizima. Kama bitana imefunika mishono, ingiza mkono mfukoni uukague utepe wa huko. Kisha kwangua ndani ya kola kwa ukucha. Ukiona magamba meupe yanadondoka, au kitambaa kinanata kama kimepakwa asali, utando wa kuzuia maji umeoza. Huo hauponi. Makoti mengi huozea ndani ya robota lililokaa miaka kwenye joto na unyevu.

Sasa maji. Mwombe muuzaji chupa. Mimina vijiko viwili begani, subiri dakika tano. Yakikaa kama lulu na kuteleza ukitikisa, koti liko vizuri. Kitambaa kikiwa kimegeuka rangi kwa nje lakini ndani ukigusa ni pakavu, utando ni mzima ila dawa ya juu imeisha. Hilo nunua, dawa ya kupuliza inauzwa Japani kwenye maduka ya vifaa vya michezo. Ndani pakiwa pabichi, lirudishe hata akikupunguzia bei.

Tazama pia kiunoni kwa ndani. Koti la kuteleza lina kitambaa cha ziada chenye lastiki na vishikizo, mfano wa sketi fupi, kazi yake ni kuzuia theluji isipande mgongoni ukianguka. Lisilo nacho ni koti la mtaani tu. Zipu ivute mara kumi ukiwa umelivaa juu ya sweta, na unyanyue mikono yote miwili: kiuno kikibaki wazi, ni dogo. Manyoya ya ndege ni mazuri kwa jiji kavu, lakini yakilowa yanalala chini na joto linaondoka, kwa hiyo mlimani pendelea ujazo wa nyuzi za plastiki.

Ukilipata, lifue kwa sabuni ya maji kidogo, suuza mara mbili, na usitie kabisa kimiminika cha kulainishia nguo. Hicho ndicho kinachoua dawa ya juu.

Chini ya koti usivae fulana ya pamba. Pamba hunywa jasho na kukaa nayo. Jezi ya mpira ya polista, uliyo nayo tayari kabatini, ni bora mara nyingi: inaachia maji, inakauka mwilini.

Ni viwanja gani vilivyo karibu, na mgeni asiye na gari anafikaje? Na gharama? — Mtumishi, Area D

Vya kukumbuka ni vitatu. Megahira, eneo la Yoshiwa katika Hatsukaichi, kiko karibu na njia ya kutokea Yoshiwa ya barabara kuu ya Chugoku, kiasi cha saa moja kutoka jijini. Wana mitambo ya kutengeneza theluji, kwa hiyo mwaka mbaya wao huumia kidogo kuliko wenzao. Osorakan, katika mji wa Akiota, kinategemea theluji ya asili na kiko juu zaidi. Unaiacha barabara kuu hiyo kwenye njia ya kutokea Togouchi kisha unapanda, na kipande cha mwisho ni chembamba chenye kona. Geihoku Kokusai kiko katika mji wa Kitahiroshima, nacho unakifikia kwa kutokea Togouchi. Anayeanza tungemwelekeza Megahira: ni karibu, na barabara yake haitishi.

Angalizo kwenye jina hilo la mwisho. Kuna Kitahiroshima mbili. Moja ni mji wa mkoa wa Hiroshima. Nyingine ni jiji la Hokkaido, lililoanzishwa na walowezi waliohama kutoka Hiroshima mwaka 1884. Ukitafuta tiketi au hali ya hewa kwa simu, hakikisha jina la mkoa limeandikwa mbele yake, la sivyo utakuwa unasoma habari za mahali usipokwenda.

Nenda kwa basi. Mabasi ya theluji ya siku moja huondoka mjini alfajiri na kurudi jioni, na mara nyingi huuzwa pamoja na tiketi ya lifti, mtambo wa kukupandisha mlimani. Ratiba hubadilika kila msimu, hivyo ulizia dawati la wanafunzi wa kigeni mwanzoni mwa Desemba. Rafiki akikupa usafiri wa gari lake, uliza kitu kimoja kabla ya kupanda: gari lina tairi za theluji? Wakazi wengi wa jijini hawana, kwa sababu hawazihitaji. Tairi ya kawaida inakuwa ngumu kwenye baridi na haishiki barafu hata ikiwa mpya. Ukitaka kuendesha mwenyewe, jua kwamba kibali cha kimataifa kinachotambuliwa na Japani ni kile cha mkataba wa Geneva wa 1949 wa usafiri wa barabarani peke yake. Angalia mwaka uliochapwa kwenye kijitabu chako.

Na kukiwa na tahadhari ya theluji nyingi, ahirisha. Mkesha wa mwaka mpya wa 2011, upande wa pili wa milima katika mkoa wa Tottori, karibu magari 1,000 yalikwama usiku kucha kwenye barabara kuu namba 9.

Gharama: kukodi skii (vibao virefu vya kutelezea, huvaliwa miguuni), buti na fimbo kwa siku huangukia kati ya yeni 4,000 na 6,000, tiketi ya lifti ya siku nzima kiasi kama hicho, na nguo nazo hukodishwa kwa kulipia zaidi. Glavu, kofia na miwani ya theluji kwa kawaida hazikodishwi, zinauzwa, na mlimani bei iko juu. Zinunue mjini.

Sijawahi kugusa theluji. Nipe hatua za siku ya kwanza, kuanzia dirisha la kukodi. — Mhandisi, Manyoni

Dirishani utajaza fomu: urefu, uzito, umri, ukubwa wa mguu, uzoefu. Andika ukweli mtupu, hasa uzito. Kwa namba hizo fundi anakaza kibano kinachoshika buti kwenye skii. Kibano kikiwa kimekazwa kupita uzito wako, siku utakayoanguka skii haitaachia, na goti ndilo litakalojipinda. Kikiwa kimelegea mno, skii inachomoka bila sababu katikati ya mteremko. Ukubwa wa buti Japani ni sentimita za wayo. Simama jioni juu ya karatasi, kisigino ukutani, weka alama kwenye kidole kirefu, pima. Anayevaa namba 42 kwetu huwa kati ya 26.5 na 27.

Buti ndiyo huharibu siku za watu wengi. Vaa soksi moja tu, ndefu, nyembamba. Soksi mbili hujikunja, zinabana damu, na vidole vinapata baridi kuliko ungevaa moja. Ndani ya buti pasiingie kingine chochote: suruali ya ndani ikunje juu ya ukingo wa buti, ya nje ishushe ifunike buti. Ukiingiza mguu, gonga kisigino sakafuni mara mbili tatu ili kirudi nyuma kabisa. Funga bizimu za juu, za muundini, kwa kulegeza. Kunja magoti mbele. Funga za chini kiasi tu. Kisha rudi kukaza za juu. Kipimo ni hiki: ukisimama wima vidole vinagusa mbele kidogo, ukikunja magoti vinaachana na ukuta wa buti, na kisigino hakinyanyuki. Yakiuma ukiwa hujatoka dukani, badilisha hapo hapo. Wamezoea kubadilishia watu.

Skii za anayeanza ziishie kati ya kidevu na pua. Fimbo igeuze kichwa chini, ishike chini ya kisahani chake. Kiwiko kikunjike kama pembe ya ubao.

Nje, tafuta mahali tambarare. Kwangua theluji iliyoganda chini ya buti, kwa sababu donge dogo tu linazuia kibano kufunga. Ingiza ncha ya mbele, kandamiza kisigino mpaka usikie mlio. Vaa skii moja tu kwanza, usukume kwa mguu mwingine dakika kumi, kisha badilisha. Ni zoezi linaloonekana la kitoto, lakini linaufundisha mwili kwamba chini panateleza na bado unaweza kusimama.

Breki ni kabari. Visigino visukume nje, ncha za mbele zikaribiane bila kugusana, nafasi ya ngumi moja. Magoti yamekunjwa, muundi unaegemea ulimi wa buti. Kosa la kila mgeni ni kuegemea nyuma akiogopa. Ukiegemea nyuma, uzito unahamia mkiani, sehemu ya mbele haishiki theluji, na skii zinaongeza kasi badala ya kupunguza. Hofu inakuambia rudi nyuma. Usalama uko mbele. Kukata kona ni kuongeza uzito mguu mmoja: kandamiza wa kulia, utakwenda kushoto. Macho yatazame unakotaka kwenda. Ukitazama nguzo, utaifuata.

Ukizidiwa, kaa chini ubavuni, upande wa juu wa mteremko. Usinyooshe mkono kujizuia. Kuinuka: lala ubavu, zigeuze skii zote ziwe chini yako na zikate mteremko kwa upana, kama ngazi, ndipo usukume. Zikielekea chini zitaondoka kabla hujasimama.

Lifti ya viti: tazama nyuma kupitia bega la nje, kiti kikikaribia shika, kaa, nyanyua ncha. Kamba, ncha za skafu na mikanda ya mkoba viwe ndani ya nguo. Juu ukianguka, jisogeze pembeni haraka kabla ya kujipangusa, maana kiti kinachofuata kinakuja na watu. Mteremko wa kijani ndio wako. Mwekundu ni wa wenye uzoefu, mweusi achana nao.

Lipia somo la asubuhi. Saa mbili za mwalimu zinakuokolea msimu mzima wa tabia mbaya. Na maliza mapema: baada ya saa nane mchana theluji ya milima hii ya chini inakuwa nzito kama uji, inashika skii wakati magoti yamechoka, na hapo ndipo watu wanapoumia. Mapajani utaumwa kesho yake hata ukifanya kila kitu sawasawa.

Binti yangu anavaa hijabu. Atawezaje? — Mama, Kondoa

Bila shida, mama. Avae chini ya helmeti ile kofia nyembamba ya kuvuta inayofunika kichwa, masikio na shingo, ikiacha uso. Inauzwa kwa kila mtu kule, wanaume kwa wanawake, kwa sababu ya upepo. Mtandio mrefu wenye ncha zinazoning'inia asiuvae kwenye lifti hata kidogo. Na ajipake mafuta ya kukinga jua usoni na chini ya kidevu: theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale inayounguza, kwa hiyo jua linampata kutoka chini pia. Weusi wa ngozi yetu hupunguza madhara, hauyaondoi.

Mwanangu amepata nafasi Chuo Kikuu cha Hiroshima. Shikamooni. Nasikia nyumba za Wajapani ni baridi ndani kuliko nje. Ni kweli? Atumie jiko gani? — Mzazi, Mpwapwa

Marahaba, mzazi. Kwanza tusahihishe mahali. Kampasi kuu ya chuo hicho haipo tena jijini. Kati ya 1982 na 1995 ilihamia Higashi-Hiroshima, eneo la Saijo, kwenye uwanda wa kiasi cha mita 200 juu ya bahari. Kwa treni ni kama dakika 40, lakini bahari haifiki pale kulipa joto. Usiku wa Januari hushuka chini ya sifuri mara kwa mara. Viwanda vya pombe ya mchele vya Saijo vilistawi hapo kwa ajili ya baridi hiyo hiyo na maji ya visima. Kwa hiyo orodha ya nguo ya jijini tuliyotoa juu, yeye aongezee blanketi zito.

Kuhusu nyumba, ni kweli kwa kiasi kikubwa. Nyingi za zamani zina kuta nyembamba na dirisha la kioo kimoja, na watu hupasha joto chumba walichomo, si nyumba yote. Bafuni na koridoni hubaki na baridi ya nje. Kiyoyozi cha ukutani kina hali ya joto. Akiweke nyuzi 20, mlango na pazia vikiwa vimefungwa. Alaze blanketi moja chini yake pia, maana baridi inapanda kutoka godoroni. Asubuhi afute maji yanayotiririka kwenye kioo cha dirisha. Yakiachwa, kuvu jeusi linaota pembeni ndani ya wiki chache.

Jiko la mafuta ya taa tunaomba mlizungumzie kabla hajaondoka. Kwanza asome mkataba wa chumba, kwa sababu mabweni mengi yanalikataza. Likiruhusiwa, afungue dirisha dakika moja au mbili, mara moja au mbili kila saa, hata kama nje kunavuma. Sumu inayotoka humo ni ile ile ya jiko la mkaa linaloingizwa ndani wakati wa kipupwe: haina harufu, inaanza na kichwa kuuma na kichefuchefu, mtu anadhani ni uchovu, analala. Asilale likiwaka. Asijaze mafuta likiwaka. Na dumu: mafuta ya taa kule hubebwa kwenye dumu la plastiki la lita 18, ambalo magharibi mwa Japani huwa la buluu. Kijana aliyekulia kwenye madumu ya maji ya buluu anaweza kukosea. Aliandike kwa kalamu nzito, na aliweke mbali na ya maji.

Vipakiti vya joto vinavyoitwa kairo vina unga wa chuma unaopata joto ukikutana na hewa. Vinafaa sana, ila abandike juu ya nguo, kamwe si kwenye ngozi, na avitoe akilala. Joto dogo likikaa mahali pamoja saa nyingi linaunguza bila mtu kuhisi. Na usiku utabiri ukisema nyuzi 4 chini ya sifuri, aache bomba likidondosha maji kama uzi ili yasigande. Likiganda, alifunge taulo na kulimiminia maji ya vuguvugu taratibu. Ya kuchemka yanapasua bomba.

Nikiwa huko Januari iliyopita vidole vya miguu vilivimba, vikawa vyekundu na kuwasha usiku. Ni fangasi? — Msomaji, Singida

Maelezo yako yanafanana na athari ya baridi kwenye mishipa midogo ya damu, ambayo Wajapani huiita shimoyake. Hutokea sana kwenye baridi ya wastani, nyuzi 4 au 5, miguu ikilowa kisha ikapashwa ghafla. Kausha kati ya vidole, badilisha soksi mchana, legeza viatu, na usiweke miguu karibu na hita. Kidonda kikitokea, nenda kwa daktari.

Simu yangu ilizima mlimani ikiwa na asilimia 40. — Msomaji, Ilazo

Betri ya lithiamu hudhoofika kwenye baridi. Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Ukirudi ndani, iache ipate joto kwanza, kisha uichaji.

Niende mwezi gani ili nisikose theluji? — Msomaji, Kikuyu

Viwanja hivi kwa kawaida hufunguliwa kati ya nusu ya pili ya Desemba na mwanzo wa Machi. Chagua wiki ya mwisho ya Januari hadi katikati ya Februari. Desemba ni bahati nasibu, na Machi theluji imejaa maji. Usilipie mapema usichoweza kurudishiwa: majira ya baridi ya 2019 hadi 2020 yalikuwa ya joto sana, na viwanja vya magharibi mwa Japani viliumia kwa kukosa theluji. Siku mbili kabla, fungua tovuti ya kiwanja utazame tarakimu mbili, kina cha theluji kwa sentimita na idadi ya miteremko iliyofunguliwa. Kina kikiwa chini ya 40, mawe na majani huanza kuchungulia kwenye kona, na mteremko wa kijani ndio unaowahi kufungwa kwa kuwa uko chini. Hapo subiri upepo wa kaskazini magharibi urudi siku mbili tatu, kisha panda.